Kulisha watu sita kwa elfu 70 kwa wiki: mwongozo kamili kuanzia sokoni mpaka sufuriani

Haya twende moja kwa moja. Mwongozo huu ni wa nyumba ya watu sita, wakubwa wawili watatu na watoto, mnaishi Dar au mji mwingine wa kununua kila kitu hadi ndimu, jiko ni la mkaa au gesi ya mtungi mdogo, friji iwepo isiwepo, na hela ya chakula ni kama elfu 10 kwa siku. Kama yako iko chini ya hapo usikate tamaa, njia ni zilezile ila wali utapikwa mara chache na nyama itasubiri.

Kwanza kabisa niseme kitu ambacho watu hawapendi kusikia. Mambo yakibana wengi wanakimbilia kupunguza unga na mchele, watoto wanaamka na njaa, na hela bado inaisha Jumatano. Kumbe hela haiendi kwenye unga. Inaenda kwenye mafuta ya kupima asubuhi na jioni, nyanya za jero leo, jero kesho, kitunguu kimoja, mkaa wa kopo kila siku, na maharage yanayokaa motoni masaa matatu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuyaloweka. Duka la jirani linakupimia kidogo kidogo na kila kipimo kina faida yake ndani, ana haki maana ni biashara, ila wewe ndo unailipa. Kwaiyo kubana matumizi ya jikoni kunaanzia kwenye kiungo na moto, sahani ya mtoto iache kama ilivyo.

HATUA YA KWANZA: GAWA HELA KABLA HUJATOKA

Bei zinapanda na kushuka kwahiyo sitakuandikia bei ya kila kitu, nakupa mafungu. Kwenye elfu 70 mimi nagawa hivi: nafaka pamoja na mihogo na viazi elfu 20, maharage na dagaa elfu 13, mboga za majani, nyanya na vitunguu elfu 15, mafuta, nazi na karanga elfu 9, sukari, majani ya chai na chumvi elfu 4, moto elfu 7, halafu elfu 2 inabaki pembeni haiguswi mpaka Jumapili. Weka kila fungu kwenye bahasha au kikopo chake, au kama hela yako iko kwenye simu basi andika kwenye karatasi bandika ukutani jikoni. Fungu la mboga likiisha Ijumaa usichukue la moto, utakuja kupika kwa matumaini.

Fungu la mboga na nyanya ndo linalovuja kuliko yote, litazame hilo zaidi kuliko la unga.

HATUA YA PILI: NENDA SOKONI MARA MOJA KWA WIKI, VIKAVU MARA MOJA KWA MWEZI

Vitu vikavu (unga, mchele, maharage, dagaa, karanga, chumvi, sukari) havina sababu ya kununuliwa dukani mtaani kila siku. Kwa Dar nafaka watu wanafuata Tandale au Kariakoo, ndizi na matunda Mabibo, mboga Ilala, samaki Feri. Ila piga hesabu ya nauli. Ukitumia elfu 3 ya kwenda na kurudi ili uokoe elfu 2 hapo hujaokoa kitu, bora muungane majirani watatu wanne, mnachanga, anaenda mmoja, mnagawana kwa mzani mbele ya wote ili maneno yasiwepo.

Nunua kwa kilo popote penye mzani. Sado (vile vindoo vya kupimia) na visado vingine vimebonyezwa kitako, ukitazama juu kimejaa mpaka kimeota kilima lakini chini kuna shimo. Muuzaji akisema mzani hana, mwambie akigeuze kile kisado uone kitako chake, hapo utajua mengi.

Miezi nayo ina maana. Baada ya mavuno, kuanzia kama mwezi wa sita hivi, mahindi na maharage mapya kutoka nyanda za juu yanaingia na bei inalegea, halafu kadri unavyokaribia mwisho wa mwaka mpaka mwezi wa pili wa tatu inakaza. Mwenye uwezo wa kuchukua debe la mahindi wakati wa mavuno achukue. Debe moja ni karibu kilo 18, ukisaga dona karibu zote zinarudi kama unga, ukikoboa sembe utaacha pumba nyingi mashineni na umelipia kukoboa na kusaga. Dona pia inashibisha zaidi na ina lishe kuliko sembe. Ubaya wake haikai sana kwa sababu kile kiini kina mafuta, kwenye joto la Dar inaanza uchungu, kwahiyo saga ya wiki mbili tatu tu, mahindi mengine yabaki mazima sehemu kavu.

Na hapa naomba usikilize. Mahindi au karanga zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kunyauka, usinunue hata ukipewa nusu bei. Ile sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu, haiishi kwa kupika wala kukaanga. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafariki kwa sababu yake. Hapo hakuna kubana matumizi, ni kutupa.

HATUA YA TATU: SUFURIA MOJA YA MAHARAGE, MILO MITATU

Hii ndo nguzo ya wiki kwahiyo tutakaa hapa kidogo.

Chukua kilo moja ya maharage. Aina usichague kwa jina, chagua kwa upya. Maharage mapya ngozi inang'aa na hayana mikunjo, ya zamani yamefifia, na hayo utayachemsha mpaka ukimbie. Muulize muuzaji ni ya msimu upi. Usichanganye mapya na ya zamani kwenye sufuria moja, haya yatapondeka wakati yale bado yanagonga meno.

Usiku kabla ya kulala chambua kwenye ungo, toa mawe na yaliyotobolewa, osha, weka kwenye beseni kubwa na maji mengi maana yatavimba karibu mara mbili. Asubuhi mwaga yale maji, suuza, weka maji mapya yazidi maharage kama vidole vitatu, bandika. Yachemke kweli kweli kwa nguvu walau dakika kumi za kwanza, hasa maharage mekundu, maana mabichi yana kitu kinachovuruga tumbo na moto wa kufifia haukiondoi.

Nyanya usiweke mwanzoni. Uchachu wa nyanya unafanya ngozi ya maharage ikaze, utapika mchana mzima. Ndimu hivyo hivyo. Magadi yanalainisha haraka ni kweli, ila yanaharibu baadhi ya vitamini na yakizidi maharage yanakuwa na ladha ya sabuni, kama umeloweka huna haja nayo.

Wenye presha kuka, yaliyolowekwa yanaiva ndani ya nusu saa hivi. Wasio nayo fanya hivi: yachemshe kwa nguvu kama dakika 30, yakiwa bado yanatokota funika vizuri, epua, haraka ingiza sufuria nzima kwenye kapu au ndoo kubwa uliyotandika blanketi kuukuu au nguo za mitumba, zungushia pande zote na juu, gandamiza, acha masaa matatu manne usifungue fungue. Joto lililomo ndani linaendelea kuivisha bila mkaa hata kipande. Ukitoa rudisha motoni yachemke tena ndo uunge. Wengine wanadharau hii mpaka wajaribu na makande.

Sasa kugawa. Yakishaiva yana maji na chumvi tu, HUJAUNGA. Gawa mafungu matatu. Fungu la leo unga kwa nazi mle na wali. Fungu la pili kesho linaungwa kwa kitunguu na nyanya mle na ugali au chapati. La tatu linaingia kwenye mihogo, futari ya mihogo na maharage, au unayaponda kidogo unaweka karoti inakuwa rojo zito. Sababu ya kutounga yote ni kwamba nazi inachacha haraka sana, na pia watoto wakiona sahani ileile siku tatu wananuna, ila ukibadilisha kiungo wanaona ni chakula kingine.

Wenye friji mmemaliza. Wasio na friji msipike kilo, pika nusu kilo mara mbili kwa wiki, na kinachobaki kichemshwe upya jioni na asubuhi kwa moto wa kutokota, kisizidi siku ya pili. Kikianza povu na kunuka uchachu, mwaga.

Nazi moja inatosha kwa sufuria ya watu sita usipokuwa na haraka. Kuna, kamua tui zito weka pembeni, ongeza maji ya vuguvugu kwenye machicha ukamue tena tui jepesi, hata mara ya tatu. Jepesi linatangulia kwenye maharage linachemka, zito linaingia mwishoni, unakoroga taratibu mpaka lichemke kidogo tu unaepua. Ukilibandika zito mwanzo linakatika.

HATUA YA NNE: DAGAA, NA KWANINI WATOTO WANAKATAA

Robo kilo ya dagaa wa Mwanza inatosha mlo wa watu sita, na wanaliwa na mifupa yao kwahiyo ni madini ya kutosha kwa mtoto anayekua. Tatizo ni mchanga na uchungu, na yote mawili yanatibika.

Sokoni tazama rangi. Wazuri wanang'aa kama fedha, wakavu, wengi wazima, harufu ni ya samaki mkavu. Wale wa njano njano, wamevunjika vunjika, wananuka mafuta yaliyokaa, waache, hao wanafaa chakula cha kuku. Uliza kama wameanikwa juu ya chanja au chini mchangani. Wa chanja bei iko juu kidogo ila hupotezi muda kuosha.

Nyumbani kaa chini uwatoe vichwa na ule uchafu mweusi wa tumboni, ule ndo unaoleta uchungu. Ni kazi ya kukaa, mpe mtoto mkubwa mfanye mkiongea. Kisha maji ya moto, mwaga juu yao, koroga kwa mkono wa mwiko, waache wapumue dakika mbili, watoe KWA JUU kwa kuwachota. Ukimimina beseni zima kwenye chujio umerudisha mchanga wote. Rudia kwa maji ya baridi mpaka chini ya beseni pawe safi ukipapasa kwa kidole.

Wakauke kidogo, halafu kaango kavu bila mafuta, moto wa wastani, geuza geuza mpaka wasikike wakikwaruza kikaango. Hapo ndo weka mafuta vijiko viwili, kitunguu kingi, kitunguu saumu, wakianza kubadilika rangi nyanya, karoti iliyokunwa, hoho ukiwa nayo, maji kidogo, funika dakika tano tu, mwisho kamulia ndimu. Kama watoto wanakataa kuona macho ya dagaa basi wasage hao waliokaangwa wakavu kwenye kinu, unga wake unaweka kwenye mchuzi wa mboga au njegere. Watakula hawajui.

HATUA YA TANO: MBOGA NA KIUNGO

Mchicha, matembele, majani ya maboga, kisamvu, mlenda, vyote ni vya bei ya chini na vyote vinaharibiwa kwa kupikwa mpaka vinakuwa vyeusi. Matembele na mchicha dakika tano sita zinatosha, osha KABLA ya kukata. Kisamvu ni tofauti, hicho lazima kitwangwe na kichemshwe vizuri kwa muda mrefu, nusu saa na zaidi, sufuria ikiwa wazi, maana majani ya muhogo mabichi yana sumu. Kisha karanga zilizosagwa au tui.

Karanga nunua nzima mbichi, kaanga mwenyewe, twanga. Ile ya kusagwa tayari huwezi jua ilikuwaje kabla ya mashine. Vijiko vitatu vinne vya karanga kwenye mboga ya majani vinakuondolea haja ya nazi siku hiyo na vinashibisha kuliko mafuta.

Mafuta sasa. Chupa weka mbali na mkono, tumia kijiko. Lita moja ni vijiko vikubwa kama 66. Ukipika mara mbili kwa siku vijiko vitatu kila mara, lita inakwenda siku 11. Ukimimina kwa kukadiria haimalizi hata wiki. Hii peke yake kwa nyumba nyingi ni elfu kadhaa kwa mwezi.

Nyanya, zikiwa za msimu au ukipata masalo kwa bei ya kutupa, chukua nyingi, toa zilizooza na zenye ukungu, kata, chemsha bila maji mpaka zipungue nusu na ziwe nzito, weka chumvi, zikipoa gawa kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja ndani ya friza. Huna friza basi usinunue ndoo, mtaumwa tumbo bure.

UGALI NA WALI KWA KIFUPI

Kilo moja ya dona inatoa ugali wa watu sita kwa mlo mmoja kama mboga ipo ya kutosha. Mchele gramu 700 hivi unatosha watu sita wenye watoto ndani, na ukiwa na maharage mengi unaweza kushuka mpaka 600. Mchele chenga ni wa bei nafuu, usiupikie wageni, ila kwa uji, vitumbua na wali wa nazi wa nyumbani uko sawa kabisa.

Asubuhi achana na mkate wa kila siku. Muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, magimbi, au uji wa dona wenye karanga na ndimu kidogo. Ule unga wa lishe wenye vitu kumi na tano ndani sio lazima, mahindi na karanga safi vinatosha, na mchanganyiko mkubwa una nafasi kubwa ya kuingiza nafaka mbovu.

Chai msinywe papo hapo na mlo wa maharage au mchicha, inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Subiri saa moja. Tunda lenye uchachu kama chungwa au embe ndo lifuatane na mlo.

MOTO

Panga mapishi yafuatane kwenye moto mmoja. Mkaa ukikolea anza na maharage, ukitulia weka wali, ukibaki wa majivu weka maji ya kuoga au chemsha viazi vya kesho asubuhi. Funika sufuria kila wakati, isipokuwa ya kisamvu. Wa gesi, ukiona maji yametokota punguza, maji yanayotokota taratibu na yanayoruka ruka yana joto lilelile. Maharage na makande yasipikwe kwa gesi bila kulowekwa, huo mtungi utakufa mapema. Na jiko la mkaa lisiingie ndani mnakolala hata kama mvua inanyesha, hewa yake inaua watu usingizini.

WIKI YENYEWE INAVYOKUWA

Jumamosi maharage ya nazi na wali. Jumapili fungu la pili la maharage na ugali. Jumatatu ugali, mboga ya majani ya karanga na kipande cha samaki, vibua wadogo ndo rahisi. Jumanne dagaa na matembele. Jumatano mihogo na fungu la tatu kama una friji, huna basi ndo siku ya kupika nusu kilo nyingine. Alhamisi kunde au choroko, hizi zinaiva haraka kuliko maharage hata bila kulowekwa sana. Ijumaa makande, mahindi yaliyokobolewa vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maharage, vyote vimelowekwa Alhamisi usiku, na ndani ya kapu la blanketi.

Nyama? Iwe kiungo. Robo kilo ya nyama iliyokatwa vidogo ndani ya ndizi au viazi au njegere, au mifupa ya supu inayochemka na maharage. Miguu ya kuku na firigisi pia, osha vizuri tu. Ukiwapa watu sita nusu kilo ya nyama peke yake kila mtu anapata vipande viwili na manung'uniko, ukiiweka kwenye ndizi wote wanasema tumekula nyama.

VIPORO NA SIKU HELA IMEKATA

Ugali uliobaki kata vipande, kaanga kavu kwenye kikaango, watoto wanywe na chai. Wali uliobaki ndo wa kuogopa. Usiuache ndani ya sufuria yenye joto mpaka asubuhi, kuna sumu inajitengeneza humo na ukipasha moto haiondoki. Utandaze kwenye sinia upoe haraka uingie friji, kesho ukaange na kitunguu na yai. Huna friji, pika wa kuisha.

Siku ile elfu 2 ya akiba ndo imebaki peke yake na kuna watu sita: dona iliyobaki kwenye ndoo, mafungu mawili ya mlenda au matembele, karanga kiganja, pilipili na ndimu. Mlenda weka bamia mbili tatu na nyanya moja, magadi chembe tu, koroga mpaka uvute. Ukibaki na mia mbili mia tatu nunua limao, usinunue kiungo cha paketi, kingi ni chumvi na chumvi unayo tayari ndani.